Amri Yenye Mkia

2 Novemba
Tumetoka makaburini. Mvua ya kwanza ilitukuta njiani, ndogo tu, ya kulowesha vumbi. Msalaba wa mume wangu Sylvain ulikuwa umeinama upande. Niliukanyagia udongo mpaka ukasimama. Dada yangu Mimi alileta maua ya plastiki, akisema ya kweli yataoza kabla ya wiki kwisha. Nilimkumbusha kwamba Sylvain alikuwa akiyaita maua ya chumba cha daktari. Tulicheka kidogo, kisha tukayaweka hivyo hivyo.

4 Novemba
Kazini nimekuta kijana kwenye meza ya mume wangu. Patron Kakule alitoka ofisini mwake kumtambulisha.
“Mama Delphine, huyu Chadrack, mutoto ya dada yangu. Alisomea mambo ya ordinateur, kompyuta hizi, Kampala. Atasimamia mamashini yote.”
“Muko salama, mama?” akasema kijana, akasimama kabisa.
Nikamjibu niko salama. Alikuwa amegeuza kiti kitazame dirisha. Sylvain aliweka mgongo dirishani ili mwanga usimpige machoni.

9 Novemba
Jumamosi. Nimepeleka toleo jipya Sakania, limefika.

Naandika hapa namna tunavyofanya, maana Chadrack aliniuliza na sikumweleza vizuri. Patron ni mtu wa Butembo, anauza kwa jumla: unga, chumvi, mafuta, sabuni. Ana depo, yaani maghala, hapa Lubumbashi, Kasumbalesa mpakani, Sakania, na Kilwa kando ya ziwa Mweru. Kila depo ina kompyuta moja yenye programu inayohesabu mali na kuchapa bon, hati ya kutolea mzigo. Bila bon iliyochapwa, mlinzi hafungui mlango, hata kwa gunia moja la chumvi. Ndiyo sheria ya patron.

Programu ikibadilishwa, toleo jipya linatumwa kutoka hapa kwa chombo alichokiandika Sylvain. Alikiita Peleka. Hakina picha wala vitufe, ni maneno tu kwenye kioo cheusi: unaandika peleka, kisha --depo, kisha jina la depo. Tangu alipofariki mwezi wa saba, mimi ndiye ninayeiandika amri hiyo. Kazi yangu hasa ni faktura, ankara za wateja, lakini alikuwa amenifundisha.

10 Novemba
Misa. Baadaye nimefua.

16 Novemba
Nimepeleka Kasumbalesa. Mvua imepiga mabati ya ofisi mpaka tukazungumza kwa mikono.

Kuna jambo jingine la Peleka. Kompyuta yetu ya zamani ilimwagikiwa chai na kitufe cha kufuta kikafa. Nilikuwa nikikosea jina la depo, nalazimika kuanza amri upya, na mimi naandika kwa vidole viwili. Sylvain alinitazama nikiteseka hivyo, akaenda kubadilisha Peleka. Baada ya hapo ukiitajia depo mbili, inaifuata ile ya mwisho tu na kuziacha za mbele. Basi sikuhitaji kufuta tena. Nabonyeza mshale wa juu, amri ya siku iliyopita inarudi, naongeza mwishoni depo ninayoitaka leo. Kompyuta tuliyo nayo sasa ina kitufe kizima, lakini vidole vimekwisha kuzoea. Amri yangu ina mkia mrefu, depo zote zimo, nyingine zimerudiwa. Sylvain alikuwa akiutazama na kusema, “Hii njo treni ya babu yangu, mabehewa tu.” Babu yake alifanya kazi ya reli huko Kabalo.

23 Novemba
Chadrack anatengeneza toleo la mpakani. Bon itakuwa na picha ya lori na ya dereva. Patron ameshasema Kilwa isiguswe: kompyuta ya kule ni ya zamani, inakula umeme wa jua, haiwezi kubeba mambo ya picha. Itabadilishwa kiangazi, barabara ikikauka.

Chadrack anakula akisoma. Makombo yanaingia kati ya vitufe vya klavia ya Sylvain.

30 Novemba
Leo nimeumia. Chadrack alikuwa akimweleza patron kazi yake, mlango wazi, nami napanga faktura. Akasema Peleka ina kasoro. Alisema mambo ya depo mbili katika amri moja. Sikusikiliza mpaka mwisho. Neno kasoro lilinitosha. Nilitoka nikanunua uyoga kwa mama anayeuza kwenye kona, nikakaa naye mpaka mvua ikapungua.

7 Desemba
Siku mbaya. Naiandika yote.

Asubuhi Chadrack alikwenda kwa kinyozi, akaniachia kupeleka toleo la mpakani Kasumbalesa. Nilibonyeza mshale wa juu kama siku zote, nikaongeza Kasumbalesa mwishoni, nikatuma. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani ni mtandao, sababu ya mvua.

Haikupita muda simu ikalia. Musonda, mkuu wa depo ya Kilwa. Ni mwanamke wa kule kule ziwani, tumeonana uso kwa uso siku ya mazishi ya Sylvain tu, lakini tunazungumza kila wiki.
“Yaya Delphine, dada yangu, mashini yangu munaifanya nini? Inawaka lakini iko nyeupe tu, kama shuka ya maternité, kule bamama banazalia.”
“Izime, uiwashe.”
“Shi nilishaizima. Mara mingi. Bantu bako inje, banangoja bon. Mulinzi amekaa mbele ya mulango kama anachunga mwali.”

Chadrack alirudi, kichwa kinang'aa. Nilimwambia Kilwa imekufa. Akatazama kioo changu, akaona amri niliyoandika, mkia wote. Kwanza alicheka. Kisha akaufuata mkia kwa kidole.
“Mama, hizi depo zote, mulizitaja juu ya sababu gani?”
“Sikuzitaja. Ni za zamani. Peleka inasikiliza ya mwisho.”
Akakaa chini.
“Ilikuwa inasikiliza ya mwisho,” akasema. “Mimi niliona ni kasoro. Vyombo vingine, ukitaja mbili, zote zinapata. Nilibadilisha ikuwe vile. Sikujua kama kuna mutu anaandika hivi.”

Basi amri yangu ilikuwa imekwenda kila mahali. Depo ya hapa, Sakania na Kasumbalesa zilibeba toleo la picha bila shida. Kilwa iliangushwa.

Patron aliitwa. Chadrack alisema mbele yake, “Mujomba, ni mimi. Nilibadilisha bila kuuliza.” Nami nikasema ni mimi niliyeandika. Patron alitutazama kama watu wanaogombea deni.
“Mimi siulize nani,” akasema. “Barabara ya Kilwa imefunga. Kule sitatuma fundi, sitatuma mashini. Depo imejaa unga wakati wa mvua, na mulango haifunguke. Hii Peleka ya marehemu nimeichoka. Chadrack, mvua ikiisha utaniambia: tunabaki nayo ao tunaitupa, tununue ya kweli.”

Alisema marehemu kwa heshima. Lakini alisema itupwe.

8 Desemba
Sikwenda misa. Peleka ndiyo kitu pekee cha Sylvain ambacho bado kinafanya kazi. Saa yake imesimama, pikipiki aliichukua kaka yake. Nikiandika amri, yeye ndiye anayejibu. Sijamwambia mtu hivi, hata dada yangu Mimi.

9 Desemba
Chadrack amerudisha Peleka ilivyokuwa, ya mwisho ndiyo inasikilizwa. Ameniita nijaribu. Nikajaribu kwa depo ya hapa mjini, ikafuata. Amesema pole. Nimemwambia si kitu. Hajala mezani leo.

11 Desemba
Njia ya kuifufua Kilwa iko: kuirudishia toleo la zamani kwa mtandao wa simu. Lakini kutuma kunachukua muda, na betri ya Musonda haijai bila jua. Ikizimika katikati, tunaanza upya. Nimempigia: mawingu.

12 Desemba
Mawingu.

14 Desemba
Mawingu Kilwa, radi hapa. Patron amekubali njia ya muda. Kila mteja akija, Musonda anampigia patron, patron anamwambia mlinzi kwa sauti yake mwenyewe afungue. Mlinzi hatambui sauti nyingine. Leo patron alipigiwa akiwa kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa lao, akatoka nje mara nyingi mpaka mwalimu wa kwaya akamwambia aimbe huko huko nje.

17 Desemba
Jua lilitoka Kilwa. Tulianza kutuma. Mawingu yakarudi, betri ikaisha, tumepoteza kazi yote.
“Jua ya huku iko kama mwanaume wa Kasumbalesa,” Musonda alisema. “Anakuja, anakula, anaenda.”

25 Desemba
Noeli. Tumekula kuku kwa dada Mimi. Nimeweka sahani ya Sylvain bila kufikiri. Dada hakuiondoa, aliweka machungwa juu yake.

28 Desemba
Mawingu. Unga wa Kilwa umeanza kuota ukungu chini ya mafungu. Patron hanisalimii vizuri, au mimi ndiye ninayeona hivyo.

4 Januari
Heri ya mwaka. Mvua.

8 Januari
Chadrack ameniletea kiti. Amesogeza meza yake, sasa anakaa mgongo dirishani. Amesema mwanga ulikuwa unamuumiza macho. Nikamweleza kwamba Sylvain naye aliweka hivyo. “Basi alikuwa na akili,” akasema, akaendelea na kazi.

Ameligawa toleo la Kilwa vipande vidogo. Betri ikizimika, tutaendelea tulipoachia. Hilo sikufikiria kwamba linawezekana.

13 Januari
Mawingu, lakini kipande cha kwanza kimefika.

16 Januari
Jua Kilwa toka asubuhi. Musonda alikuwa amesafisha paneli kwa kitenge chake. Tuliweka simu katikati ya meza, sauti kubwa. Chadrack anasema kila neno la kuandika, mimi ninalirudia polepole kwa Musonda, kwa sababu hasikii lafudhi ya Butembo.
“Mwambie abonyeze ile kubwa ya pembeni.”
“Musonda, ile kubwa ya pembeni.”
“Nilishabonyeza. Huyu mutoto anafikiri siye huku hatuonake mashini.”
“Nawasikia, mama Musonda,” Chadrack akasema.
“Uzuri. Sikia na hii: nilikuwa na mashini hii wewe ukingali unanyonya.”
Tulisikia mbuzi. Kisha sauti ya kichapishi, ile ya kukwaruza, na mlinzi akisema kitu.
“Bon imetoka,” Musonda akasema. “Ngoja niende nimuonyeshe huyu bwana wangu wa mulangoni.”
Chadrack alijifunika uso kwa mikono. Nilimgusa bega. Ni kijana, si mkubwa kuliko mpwa wangu aliye Likasi.

17 Januari
Patron amesema tumefanya vizuri. Kuhusu Peleka hakusema neno.

25 Januari
Nimepeleka Sakania. Nimetaja Sakania peke yake.

1 Februari
Nimerudia mkia. Ni rahisi zaidi, na sasa Peleka iko kama zamani.

8 Februari
Mvua kubwa, mto Lubumbashi umejaa. Wauza viatu vya mitumba wamevihamisha ngazini kwetu.

14 Februari
Chadrack anaangalia chombo cha kununua. Alinionyesha. Kina rangi na ramani, depo zinawaka kijani. Ni kizuri, siwezi kusema uongo. Nilimuuliza anafikiri nini. Alisema bado hajui. “Ya baba Sylvain ni ndogo, naisoma yote kwa siku moja. Hii siwezi kuona ndani.” Nililala vizuri.

22 Februari
Tena.

Toleo la mpakani lilikuwa na kosa katika majina ya madereva. Chadrack alilirekebisha haraka, akatuma mwenyewe. Alitaja Kasumbalesa na Sakania katika amri moja, kama anavyofanya kwa vyombo vyote anavyovijua. Alisahau kwamba alimrudishia Sylvain njia yake. Peleka ilifuata ya mwisho, Sakania. Kasumbalesa haikupata kitu, wala haikulalamika. Malori yetu yalikaa kwenye foleni ya mpaka na bon zenye majina ya watu wengine, mpaka madereva wakaanza kuitana kwa majina ya kwenye bon kwa kejeli. Patron hakucheka.

“Desemba mulipeleka mahali hatukutaka,” alituambia. “Leo hamukupeleka mahali tulitaka. Hii kintu inamutii nani?”

Alituacha na swali hilo. Chadrack alikuwa amekauka midomo.
“Nilijua, mama. Mimi mwenyewe njo niliirudisha. Mikono iliandika tu.”
Ndivyo ilivyokuwa kwangu pia Desemba. Nikamwambia hivyo.

23 Februari
Jumapili. Nimefikiri siku nzima.

Nilikuwa nikiona njia ya Sylvain kuwa ndiyo sahihi na ya Chadrack kuwa dharau. Lakini Sylvain alimtengenezea mtu mmoja, mke wake anayeandika kwa vidole viwili kwenye klavia iliyokunywa chai. Hakumtengenezea Chadrack. Hakumjua. Kama angeketi karibu naye jana, akamwona anavyoandika, angekwenda kuibadilisha kwa ajili yake. Halafu mimi ningeanguka. Sisi wawili tunaandika maneno yale yale, kila mmoja akitaka jambo lake, na Peleka haiwezi kujua nani amekaa kwenye kiti.

24 Februari
Nimemuuliza Chadrack: je, inaweza kutofanya lolote?
“Namna gani, mama?”
“Ikiona zimetajwa depo zaidi ya moja, isichague ya mwisho, isipeleke kote. Isimame.”
“Inaweza. Ni kazi ndogo. Lakini mkia wenu utakufa. Kila siku itawakatalia.”
“Najua.”
“Na mutu akitaka kweli depo mbili?”
“Aandike amri mbili, moja moja.”
Alikuna kichwa. Akasema angeweza kuweka neno jingine kwa anayetaka depo zote, neno ambalo huwezi kuliandika kwa bahati mbaya. Nikasema sawa, hilo aamue yeye.

Hatujafanya. Tumekubaliana patron asikie kwanza.

8 Machi
Mvua zinapungua. Mahindi ya kuchoma kila kona.

15 Machi
Patron yuko Butembo kwa msiba. Simu inampata kwa shida.

29 Machi
Amerudi. Alituita sote wawili. Alikuwa amechoka, sauti ya chini. Alimuuliza Chadrack: tunabaki nayo ao tunaitupa.
“Mujomba, mimi ninasema tunabaki. Lakini ibadilishwe. Mama Delphine atawaeleza.”
Sikutegemea hilo. Nilieleza kama nilivyoandika hapa, kwa maneno machache. Kwamba mimi nikirudia nina maana yangu, na Chadrack akirudia ana maana yake, na zote mbili zimekwisha kutuumiza. Kwamba isimame, isipeleke popote.
Patron alinisikiliza mpaka mwisho.
“Sylvain aliweka vile?”
“Apana, patron. Sylvain aliweka ile ya mwisho ishinde. Aliweka juu yangu, anisaidie.”
“Na wewe njo unataka itoke.”
“Itoke.”
“Hautajuta? Mimi nilikuwa ninaogopa kuigusa, sababu yako. Nilisema heri kununua nyingine kuliko kukata ya marehemu mbele yako, bibi yake.”

Sikujua. Miezi yote hii nilidhani ameichoka kazi ya Sylvain. Nilimwambia kwamba chombo kikitupwa nitalia, kikibadilishwa hapana. Sylvain mwenyewe alikuwa akikibadilisha kila wakati. Ile mara ya chai alikibadilisha usiku nyumbani, akiwa amevaa taulo.
Patron aliangalia dirishani kidogo.
“Basi ikate,” akamwambia Chadrack. “Tunabaki nayo.”

31 Machi
Chadrack alifanya kazi hiyo mbele yangu. Aliniomba niseme maneno ambayo Peleka itasema inapokataa. Nilifikiria maneno marefu, nikayaacha. Tumeweka: “Depo ni zaidi ya moja. Sijapeleka popote. Andika moja.” Chadrack alitaka kuongeza tafadhali. Nikamwambia Sylvain hakuwa mtu wa tafadhali, alikuwa mtu wa kukuletea kiti. Akaacha.

5 Aprili
Jumamosi, jua. Kilwa ilihitaji marekebisho madogo ya bei ya chumvi. Mawazo yalikuwa mbali, nikabonyeza mshale wa juu, nikaongeza Kilwa mwishoni, nikatuma. Peleka ikakataa.

Niliusoma ule mstari. Chadrack aligeuka.
“Imewakatalia, mama?”
“Imenikatalia.”
“Niwawekee ruhusa yenu peke yenu? Naweza. Ikuwe ya zamani kwenu tu.”
“Iache ikatae.”

Nikafuta behewa moja moja mpaka likabaki jina la Kilwa, nikatuma. Musonda alipiga simu kusema bei ya chumvi imeingia, na kwamba mlinzi ameomba tumwambie patron kwamba anaikumbuka sauti yake kwenye simu.